Florini Mbili za Voi

Bloomington, Minnesota
Jumamosi, mwezi wa tisa

Kwa Bibi yangu mpendwa,
Usangi.

Shikamoo Bibi. Nakuamkia kwa heshima zote na kwa mapenzi ambayo karatasi hii haiwezi kuyabeba yote. Natumaini itakukuta salama, na kwamba lile goti la kushoto limetulia kidogo kabla vuli haijaanza. Vipi mbuzi aliyezaa mapacha, wote wawili wamepona? Shangazi Pamela hajambo? Na kile kikohozi chake cha vumbi? Mwambie nimemsalimu sana, lakini tafadhali Bibi, barua hii usimpe akusomee. Vaa miwani uisome mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunaendelea. Mama amerudi kazini kwenye nyumba ya wazee, analalamika mgongo, halafu akifika nyumbani anabeba mtoto kwa mgongo huohuo. Kila Jumapili anapika makande kwa mahindi ya kopo ya Wameksiko, anasema si kama ya kwenu lakini tumbo halijui ramani. Baba bado yuko ghalani Shakopee. Nanzia anakua. Ana miezi mitano, amenona mpaka mikono yake ina mikunjo kama mkate uliofungwa uzi, na siku hizi anatoa mate mengi na kutafuna kila kitu. Hayo mate, Bibi, ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Utaona kwa nini.

Najua utashangaa nakuandikia wakati simu zipo. Lakini simu yako ni ya Shangazi, na simu ya Shangazi ni ya nyumba nzima. Nikisema neno moja, jibu linatoka jikoni, lingine linatoka uani, mtu anauliza kama theluji imeanza. Na mimi unanijua, sauti yangu hukauka watu wakizidi wawili. Bwana Evodius wa kanisani kwetu anakwenda Mwanga kwa wakwe zake juma lijalo, amekubali kukuletea. Aliuliza kama ndani kuna cha kula, nikamwambia hakuna, akasema basi itafika salama. Ukiona makosa ya Kiswahili, chukua kalamu yako nyekundu kama zamani, darasa la tatu. Nilipoondoka huko nilikuwa na miaka tisa na wewe ulikuwa bado hujanifundisha yote.

Nataka kukuandikia habari ya ile sarafu. Niache nianze mbali, kama ulivyokuwa ukinisimulia, ili ujue nilisikiliza.

Ulisema baba mkwe wako akiwa kijana alikwenda Voi kufanya kazi kwenye reli, na Waingereza wakamlipa kwa sarafu za fedha zilizoitwa florini, upande mmoja Kingi Joji wa Tano na taji lake, upande wa pili simba na milima nyuma yake. Muda haukupita, serikali ikazifuta florini ikaleta shilingi, watu wakaambiwa wazirudishe. Yeye alirudisha zote isipokuwa mbili alizoshona kwenye pindo la koti. Ulisema hata yeye mwenyewe hakuwa na sababu, alimpenda tu yule simba. Alipozaa mtoto wa kwanza, florini moja ikawekwa kwenye beseni la maji, mtoto akaogeshwa, baba akataja jina lake kwa sauti, sarafu ikabanwa kwenye kiganja kidogo, na tangu hapo kila mtoto wa nyumba yenu ameoga na mfalme. Ndivyo mnavyosema: kuoga na mfalme. Mimi pia nilioga naye. Florini hiyo unayo huko, imesuguliwa kwa majivu vizazi vyote hivyo mpaka mfalme hana pua.

Ya pili haikuwahi kuguswa. Ililala kwenye pamba ndani ya kikopo cha ugoro, ikawa nyeusi kama chini ya sufuria. Siku tunaondoka ulimpa Baba, ukamwambia hii ni ya watoto watakaozaliwa huko. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kanga yako, nilisikia maelekezo yote. Kwamba isuguliwe kwa majivu mpaka mfalme aonekane, maana mtoto haogeshwi na fedha nyeusi. Kwamba baba ndiye anayetaja jina, si mama wala mchungaji. Na kwamba yote yafanyike kabla jino la kwanza halijatoka, kwa sababu mtoto mwenye jino ameshaanza safari yake na mfalme hamkuti tena.

Halafu akazaliwa Mbonea. Bibi, najua jina hilo halitajwi siku hizi, hata huko. Huku pia halitajwi. Alikuja kabla ya wakati wake, mwezi wa pili, baridi ile ambayo ukitoka nje kope zinagandana. Hakuwahi kufika nyumbani. Tulimzika Bloomington hapahapa, na ardhi ilikuwa ngumu kiasi kwamba walitumia mashine kuichimba. Baba alilibeba lile jeneza mwenyewe, chini ya mkono mmoja, kama mtu anayebeba kitabu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sikulia mbele ya watu, nikadhani maana yake sina huzuni, na jambo hilo lilinisumbua muda mrefu.

Tangu siku ile Baba akapunguza maneno. Hakuwa mkali, hapana. Ukimsalimia anaitikia, ukimwuliza anajibu, lakini ni kama anajibu kutoka chumba kingine. Kisha siku moja akarudi kutoka kazini na albamu kubwa yenye matundu ya duara, kila tundu limeandikwa mwaka wake. Ilikuwa ya sarafu za Afrika Mashariki za wakati wa Kingi Joji wa Tano. Akaanza kuyajaza yale matundu. Shilingi moja hapa, senti hamsini pale, nyingine zinakuja kwa posta kutoka Uingereza, nyingine kutoka Kanada. Akijaza tundu moja anakaa analitazama jioni nzima, halafu kesho yake anatafuta lingine.

Akajiunga na kundi la wakusanyaji wa sarafu. Wanakutana Saint Paul, kwenye ukumbi wa chini wa maktaba. Karibu wote ni wazee wa Kizungu wenye miwani miwili miwili, na kuna Mkenya mmoja, Bwana Jairus, ambaye ni nesi na anapenda sarafu za kwetu kuliko chakula. Baba alikuwa akinichukua, nadhani kwa sababu Mama alimwomba nisikae peke yangu nyumbani. Nilikaa pembeni, karibu na meza ya biskuti, nafanya kazi za shule na kuwamiminia wazee juisi. Hakuna aliyenisemesha zaidi ya asante. Bwana Jairus tu ndiye aliyekuwa akinitania, ananiita Madam Silent, anamwambia Baba, huyu mtoto wako hata akishinda bahati nasibu mtajua baada ya mwaka.

Huyo Bwana Jairus ndiye alipoiona florini yetu alishika kichwa. Alisema hizo zilitengenezwa kwa muda mfupi na nyingi zikayeyushwa, na kwamba kuipata ambayo haijaguswa ni kama kukutana na mtu aliyepotea. Akamwambia Baba, mzee, hii usi-touch na vidole, utai-spoil. Siku hiyohiyo Baba akaitoa kwenye kikopo cha ugoro akaiweka kwenye kikasha cha plastiki angavu, ukiitazama unaiona lakini huwezi kuifikia. Kikopo chako alitaka kukitupa. Nilikiokota nikakificha kwenye droo yangu ya soksi.

Mwaka jana katikati Mama akapata mimba tena. Baba hakununua hata kofia. Nguo zilikuja kutoka kwa akina mama wa kanisani, kitanda tulipewa na Wakenya wa Lakeville. Miezi ilivyosogea ndivyo alivyozidi kuinamia albamu yake. Ilipofika mwezi wa tatu Mama alimwuliza, kwa upole tu, wakati wa chakula, kama florini imeandaliwa. Baba akasema ile si ya maji tena, ile sasa ni kitu cha watu wanaoijua. Kisha akatuambia kuna mzee kutoka Wisconsin mwenye seti nzima ya mfalme yule, shilingi za kila mwaka, zote safi, na atampa zote kwa hiyo moja. Kwa siku moja matundu yote ya albamu yangejaa. Mama aliweka kijiko chini. Nilimtazama Baba na kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliniona ninamtazama, akageuza uso.

Nanzia alizaliwa Alhamisi moja mwezi wa nne, kwa wakati wake, akilia vizuri. Mama na yeye walikuwa warudi nyumbani Jumapili. Na katikati hapo, Jumamosi, ndipo Baba na yule mzee walipopanga kukutana kwenye maonyesho ya sarafu katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege.

Hapa sasa nafika kwenye yale unayoyajua. Ijumaa mchana, nimetoka shule, Baba yuko hospitali. Nilishuka kwenye bustani nyuma ya majengo yetu ambako watu huchoma nyama, nikachota majivu kwenye jiko la chuma, nikayachekecha kwa chujio la chai mpaka yakawa laini kama unga. Nikafungua kikasha. Nikachovya kitambaa kwenye maji ya ndimu na majivu, nikaanza kusugua. Bibi, weusi ule ulitoka kama wino. Kwanza ikaonekana taji, halafu jicho, halafu ndevu, halafu nilipogeuza akatokea simba na milima yake, na yote iling'aa kiasi kwamba nilipoisogeza dirishani ilitupa duara la mwanga juu ya dari. Nikaikausha, nikairudisha kwenye kikasha, nikakiweka kilipokuwa.

Kesho yake Baba alinichukua kwenda hotelini. Mzee wa Wisconsin alikuwa amevaa glavu nyeupe za pamba. Albamu yake ilikuwa wazi mezani, imejaa, inapendeza kweli. Baba akatoa kikasha mfukoni, akakifungua bila kukitazama, kwa sababu alikuwa anamtazama yule mzee. Basi yeye ndiye wa mwisho kuona. Mzee aliweka lenzi jichoni, akaitoa, akaanza kuzifunika kurasa zake moja moja, polepole, akamwambia Baba pole kwa sauti ile ile waliyoitumia watu kwenye mazishi. Bwana Jairus alisogea akachungulia, akapiga kelele kabisa, wee, nani ameosha hii kitu, imekuwa kama kijiko ya hoteli! Halafu alipoona uso wa Baba akashusha sauti, akamwambia pole bro, lakini sasa hii imebaki story, si coin.

Baba alinigeukia. Hakunifokea. Aliniuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama ni Bibi aliyenielekeza majivu. Nikaitikia kwa kichwa. Akashusha pumzi, akawaelezea wale wazee kwa Kiingereza kwamba mtoto hana kosa, hakujua, ni desturi za nyumbani, bibi yake ni mtu wa kijijini. Mtu wa kijijini, Bibi. Wewe uliyenifundisha kuandika. Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma, mmoja akanipa biskuti.

Na kwenye gari ndipo alipokupigia. Simu ilikuwa kwenye spika, nilisikia yote. Alikuambia kwamba umemjaza mtoto mambo ya zamani, kwamba umeharibu kitu kisichopatikana tena duniani. Nilingoja useme hukuniambia niiguse bila ruhusa yake. Hukusema. Ulisema, mwanangu nisamehe, ni mimi, nilimweleza nikasahau kwamba huko mambo ni mengine, mtoto usimkasirikie. Kisha ukauliza Nanzia ana uzito gani. Baba akakata simu kabla hajakujibu, nikajua kwamba ulibaki umeshika simu.

Tangu siku ile ukipigiwa unatusalimia vizuri, unauliza shule, halafu unampa Shangazi simu. Huulizi tena habari za maji. Baba naye aliitupa florini kwenye droo ya jikoni, kati ya betri na vizibo, na albamu ameisukuma chini ya kochi. Mama humwogesha Nanzia kwa maji matupu. Nilimsikia siku moja akimwambia mtoto, akidhani niko kwenye simu yangu, kwamba na wewe utapita bila kupokelewa, mama, kama kaka yako.

Na sasa ule ufizi wa chini umevimba. Nilipitisha kidole jana, pagumu pagumu. Ndiyo hayo mate niliyokuambia.

Bibi, nimezunguka sana. Niache niseme.

Nilijua.

Kuna jioni moja ya majira ya baridi, pale maktaba, mvulana mgeni alileta sarafu ya babu yake aliyoisugua kwa dawa ya meno ili imfurahishe. Mama mmoja anayeongoza kundi alisimama akaeleza, si kwa ukali, akaeleza kwa muda mrefu, kwamba fedha huota ngozi yake kwa miaka, na mkono ukishaiondoa hakuna mkono mwingine unaoweza kuirudisha, na mkusanyaji wa kweli hatoichukua tena hata bure. Baba alikuwa kazini zamu ya ziada jioni hiyo, alinipitia baadaye. Mimi nilikuwa namimina juisi. Watu hudhani mtu asiyesema pia hasikii. Baadaye nilitafuta kitabu palepale maktaba, nikasoma, nikahakikisha. Kwa hiyo siku niliyoshuka kuchota majivu nilikuwa najua kabisa ninachokifanya. Maelekezo yako niliyafuata yote, lakini sikuyafuata kwa sababu ya kukutii tu. Niliisugua ili mzee wa Wisconsin asiitake.

Sikuwa natania, na sikuwa na hasira na Baba. Kuna jambo moja hujui, na Baba hajui kwamba mimi nalijua. Mbonea alipokuwa hospitali kwenye sanduku la kioo wanamowekwa watoto njiti, nilipelekwa kumwona mara moja. Baba alikuwa amesimama pale, amevaa gauni la karatasi, na kwenye ngumi yake alikuwa na kile kikopo cha ugoro. Nilimsikia akimwomba nesi kama anaweza kuweka kitu kidogo tu ndani, au hata beseni la maji kidogo. Nesi akamwambia kwa upole kwamba haiwezekani, mtoto ana mirija, kila kitu lazima kiwe safi. Baba akasema sawa. Akaendelea kusimama. Nilipoondoka alikuwa bado amekibana kikopo, na siku ya mazishi nilikiona kimeuvimbisha mfuko wa koti lake.

Basi nikafikiri: akiitoa florini ile, ameitoa na ile siku, na Nanzia atakuwa mtoto wa nyumba ambayo haina mfalme wala haina Mbonea, ina albamu iliyojaa. Nikaona bora iharibike ibaki. Hilo silijutii, nakuambia ukweli, hata ukinichapa kwa barua. Ninalojutia ni kule kuitikia kwa kichwa hotelini. Aliuliza kama ni wewe, nikaitikia, na nikaendelea kunyamaza kwenye gari wakati unaomba msamaha wa kosa lisilo lako. Miezi mitano umelibeba. Nisamehe Bibi. Si wewe. Hukuharibu kitu chochote.

Jumapili

Bibi, jana niliishia hapo, nikaiacha barua juu ya meza ya jikoni. Ningependa kukuambia niliisahau. Sikuisahau. Niliiacha wazi, nikaenda kulala na viatu.

Baba hutoka zamu alfajiri ya Jumapili. Nilipoamka alikuwa amekaa pale, bado ana kitambulisho cha kazi shingoni, karatasi ziko mbele yake zimepangwa vizuri. Alikuwa ameshazisoma, nadhani zaidi ya mara moja. Nilisimama mlangoni, nikasema shikamoo Baba, akaitikia marahaba. Akaniuliza swali moja tu: kama ningemwomba asiitoe, je, angekataa. Nikamwambia ndiyo, ungekataa. Akafikiri, akasema ni kweli, ningekataa. Kisha akaniuliza kama kile kikopo bado ninacho.

Nilikileta kutoka kwenye droo ya soksi. Alikifungua akanusa pamba, akakishika vile vile alivyokishika siku ile kwenye kioo. Mama akatoka chumbani na Nanzia begani, akatuona, akakaa chini.

Florini aliitafuta mwenyewe kati ya betri. Imeanza kuwa nyeusi tena, Bibi, kwenye manyoya ya simba na nyuma ya sikio la mfalme. Nikamwambia nitashuka kuchota majivu, akasema yale ya bustanini yananuka mafuta ya kuwashia mkaa. Akavunja vijiti vikavu vya ule mti ulio mbele ya jengo, akavichoma kwenye trei ya bati pale kibarazani, na jirani wa chini akatoka kuuliza kama kuna nyama. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia. Majivu yalipopoa Baba aliisugua yeye, kwa kidole gumba, muda mrefu, hakuniachia hata kidogo.

Tulitumia beseni la buluu la kufulia. Mama alipima maji kwa kiwiko. Nanzia aliingia akipiga mateke, akamlowesha Baba mpaka kile kitambulisho. Florini ilikuwa chini, inaonekana vizuri, mfalme akiyumba kila maji yakitikisika. Baba akainama akataja jina kwa sauti. Tukadhani amemaliza, kumbe bado. Aliyoyasema baada ya hapo ameniomba nisiyaandike mimi. Amesema nimwachie nafasi chini ya jina langu. Pia amesema nisifute kitu hata kimoja katika haya, hata yale yanayomhusu yeye.

Sarafu ilipowekwa kiganjani Nanzia aliibana, akaipeleka moja kwa moja mdomoni. Tumekagua: jino bado.

Basi Bibi, niishie hapa, Bwana Evodius anakuja kuichukua barua baada ya ibada na Mama ananiita nivae. Nisalimie Shangazi Pamela, jirani zetu wote wa pale juu, na wale mbuzi wawili. Isugue pua ya mfalme wako kwa niaba yangu, kama imebaki. Ukinijibu, niandikie kwa mkono wako, na usinionee huruma kwa makosa. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema na goti lisilouma.

Mjukuu wako akupendaye,
Eliakunda

Mama, shikamoo. Nimeisoma barua hii, na nitakupigia mwenyewe. Leo nimetaja majina mawili juu ya maji. Mbonea naye ameoga na mfalme.
Mwanao.